Windows imegoma? Usikubali ipigwe upya kabla hujasoma namba!

Leo tuyaweke pembeni mambo ya nani kaachana na nani. Tuongelee ugonjwa unaowatesa washikaji wengi wenye vibanda vya steshenari, ofisi za mitaani, na hata wewe uliyejinunulia mashine ya mtumba pale Kariakoo ukawatambia majirani. Kompyuta inakataa apdeti! Inapakua, inazungusha kile kiduara chake, asilimia zinapanda, halafu inakuletea maneno kwamba imeshindikana. Kesho yake hivyo hivyo. Keshokutwa hivyo hivyo. Na bando linateketea kama mkaa wa mikoko.

Wenye Kiswahili chao safi wanaiita sasisho. Sisi wa kijiweni tunaiita apdeti, na mafundi wetu wengi wana dawa moja tu: "Hapa nikupigie windows." Mashine haitoi sauti, piga windows. Printa haionekani, piga windows. Hospitali ya namna hiyo ungelazwa kwa mafua ukaamka huna mguu.

Mimi ugonjwa huu niliukuta Umwe, Agosti 2025. Kama umewahi kupanda basi la Lindi au la Mtwara basi Umwe umeipita, ila ulikuwa bize na mahindi ya kuchoma dirishani. Ni hapo Ikwiriri, wilayani Rufiji, kabla hujaufikia mto na lile Daraja la Mkapa lililofunguliwa 2003. Nilikwenda kumsalimia shangazi, nikawa nashinda kibandani kwa binti yake, ambaye mimi ni dada yangu na ndiye aliyenisaidia ada ya kidato cha tatu na cha nne. Kwa hiyo mashine yake ikiumwa, na mimi naumwa.

Kibanda chenyewe usikidharau. Pale kuna fotokopi, picha za pasipoti, maombi ya ajira, vyeti vya kuzaliwa vya RITA, maombi ya mkopo wa Bodi kwa wanaokwenda chuo. Ndani ya ile kompyuta moja ya mezani kuna hesabu za vikoba vitatu vya akina mama, CV za nusu ya vijana wa mtaa, nakala za hati za mashamba ambazo wenyewe wengine karatasi zao zilishaliwa na mchwa. Kopi ya pili haipo popote. Nikamwuliza dada, mbona hujaweka hata kwenye flashi? Akanitazama tu. Kila flashi inayoingia pale ni ya mteja.

Sasa siku moja asubuhi akaja kijana kutoka Mohoro, ng'ambo ya mto, kaja na bodaboda kujaza fomu ya mkopo. Siku hiyo apdeti ilikuwa imefika mbali kuliko siku zote, asilimia thelathini na kitu. Umeme ukakatika. Uliporudi, mashine ikawaka na ujumbe kwamba inarudisha nyuma mabadiliko, tusiizime. Nusu saa nzima! Kijana wa watu akatazama saa, akatutazama sisi, akasema, "Samahani dada, wacha niwahi Kibiti." Akapanda Coaster. Kaondoka na hela ya fomu, na kaondoka na habari ya kwamba kwa yule dada wa Umwe kompyuta yake kimeo. Hiyo habari ndiyo ghali.

Mchana akaitwa fundi. Kijana mstaarabu, simsemi vibaya. Akaitazama dakika mbili, akasema elfu kumi na tano anapiga windows na jioni kazi inaendelea. Dada akauliza, "Na vitu vyangu je?" Fundi akajibu vilivyo kwenye C vitaondoka, "ila ndiyo itakuwa nyepesi, dada." Dada akanigeukia: "Mdogo wangu, wewe si ulikaa intaneti kafe Mbagala miaka miwili? Sema neno."

Neno lenyewe ni hili: fundi hakuwa amesoma namba.

Windows ikishindwa apdeti haikai kimya. Ukiingia kwenye mipangilio, sehemu ya Windows Update, kuna historia, na kila iliyoshindikana ina namba inayoanza na sifuri na herufi x. Watu wanaiona kama matusi ya Kizungu wanaifunga. Kumbe ile namba ndiyo mgonjwa anakuonyesha panapouma.

Kwa dada zilikuwepo namba mbili zikipishana. Ya asubuhi ilikuwa 0x80072F8F. Hiyo mara nyingi maana yake ni saa! Ndiyo, saa na tarehe. Kwenye ubao mkuu wa kompyuta kuna betri ya duara kama sarafu, CR2032, volti tatu, kazi yake kutunza saa mashine ikiwa imezimwa. Ikifa, kila umeme ukikatika kompyuta inarudi miaka nyuma. Ya dada ilikuwa inaamka inaamini tupo Januari 2013. Sasa kompyuta kabla ya kupakua apdeti inakagua kwanza kitambulisho cha kule inakochukulia, na kitambulisho hicho kina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Mashine iliyopo 2013 inaonyeshwa kitambulisho kilichotolewa 2025. Itakubali vipi? Dada alikuwa anaisogeza saa kwa mkono kila mteja wa mtandaoni akija, bila kujua kwamba apdeti ilishajaribu asubuhi ikagonga mwamba.

Betri tuliipata kwa fundi saa pale sokoni. Bei yake haifiki hata nauli ya kwenda Kibiti.

Namba ya pili ilikuwa 0x80070070, nayo ni nyepesi zaidi: diski imejaa. Mashine ya dada ina diski mbili, ndogo ya kasi ambayo ni C, na kubwa ya zamani ambayo ni D. C ilikuwa imebakiwa na gigabaiti mbili tu, wakati apdeti inataka nafasi ya kujifungulia mizigo yake kwanza. Na nani kaijaza? Singeli! Singeli na muvi za kutafsiriwa ambazo vijana wanakuja kuwekewa kwenye memori kadi. Zote zilitandazwa kwenye uso wa kompyuta, na watu wengi hawajui kwamba ukiweka kitu pale usoni umekiweka C. Tukavihamishia D, gigabaiti arobaini, tukaanza na hesabu za vikoba na zile hati, maana singeli hata zikipotea zitarudi zenyewe.

Bado kulikuwa na mabaki. Apdeti zilizokatikia njiani huacha vipande, na Windows hung'ang'ania kuviunganisha wakati vimeshaharibika. Hapo unafungua orodha ya huduma za Windows, unasimamisha mbili, Windows Update na ile ya upakuaji inayofupishwa BITS, kisha ndani ya folda ya Windows kule C unaibadili jina folda ya SoftwareDistribution. Ipe jina lolote, ongezea hata "zamani" mwishoni. Ukiwasha upya mashine inajitengenezea nyingine safi. Ila ujue itapakua yote kutoka mwanzo, kwa hiyo sisi tulisubiri bando la usiku. Na kama unatumia hotspoti ya simu, angalia usiwe umeuwekea mtandao alama ya kupimwa matumizi, maana Windows ikiona alama hiyo inaweza kusita kupakua mpaka uiruhusu. Nilikuwa nimeandaa na amri mbili za kukarabati mfumo wenyewe, DISM na sfc /scannow. Hazikuhitajika.

Saa tano usiku ikakubali. Dada hakusema kitu, akaenda akatoa nakala ya kwanza kwenye printa, karatasi tupu, kuona kama bado inachapa.

Najua kuna mjanja hapo anasema, kwani lazima? Zima apdeti ulale! Wapo wengi, na mwaka 2017 tuliwaona. Machi 14 mwaka huo Microsoft walitoa apdeti ya kuziba tundu moja kwenye Windows. Mei 12 kirusi kinaitwa WannaCry kikapita kwenye tundu hilo hilo, kikafunga faili za watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai malipo, hadi hospitali za Uingereza zikaahirisha wagonjwa. Miezi miwili dawa ipo, watu hawajainywa. Sasa fikiria kibanda kinachochomekwa flashi za kila mpita njia, kina vitambulisho vya watu ndani.

Ila na wakubwa nao wana yao. Januari 2024 ilitoka apdeti ya Windows 10, KB5034441, ikawa inagoma kwa watu kibao duniani na namba 0x80070643, kwa sababu kile kipande cha diski kinachotunza zana za uokoaji kilikuwa kidogo. Dawa yao? Mtu akiongeze mwenyewe kwa mkono, megabaiti 250. Mwambie mama muuza samaki mwenye laptop ya mwanawe agawe diski!

Na kizungumkuti kikubwa kikaja Oktoba 14, 2025. Siku hiyo Windows 10 iliondolewa kwenye huduma ya kawaida, apdeti za bure za kila mwezi zikakoma, ukabaki mpango wa nyongeza wa kujiandikisha, ambao kwa watu binafsi ulipangwa kufika Oktoba 2026. Windows 11 nayo inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kama ni Intel basi prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Ya dada ni kizazi cha nne. Mitumba mingi ya Kariakoo iko kundi hilo hilo.

Nimemwambia kuna Linux, haiuzwi, na unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilichomo kwenye diski. Hakuuliza kama ni nzuri. Ameuliza mambo mawili: ile printa yake itaitambua, na hesabu za vikoba zitafunguka bila kuharibu jumla? Nitakwenda na flashi mwisho wa mwezi, tuanze na printa.