Tuzo Yako Itapingwa Mahakama Ipi?

Kazi yangu hapa Doha ni kusoma mikataba ya wakandarasi wadogo kabla hawajatia sahihi. Wengi ni watu wa kwetu: wenye malori, mafundi umeme, wauza vifaa vya ujenzi. Wao husoma bei na tarehe ya malipo, kisha hukiruka kifungu cha usuluhishi. Mimi huanzia hapo.

"Kaka, si tumeandika usuluhishi ili tusifike mahakamani?" aliniuliza mmoja wao, mwenyeji wa Mombasa.

Kufika atafika. Msuluhishi hana askari wala dalali wa mahakama. Upande mmoja ukigoma kuteua msuluhishi, tuzo (yaani uamuzi wa msuluhishi) ikipingwa, au aliyeshindwa akikataa kulipa, itabidi hakimu aingie. Swali ni hakimu wa wapi.

Sheria ya Usuluhishi ya Qatar, Na. 2 ya 2017, imeacha milango miwili. Wa kawaida ni kitengo cha migogoro ya usuluhishi katika Mahakama ya Rufaa, ambako shauri huendeshwa kwa Kiarabu. Wa pili ni mahakama ya Kituo cha Fedha cha Qatar, maarufu kama QFC, ambako kuna majaji kutoka mataifa mbalimbali na shauri laweza kuendeshwa kwa Kiingereza. Huo wa pili haufunguki mpaka pande zote mbili zimekubaliana. Si lazima kampuni yako iwe imesajiliwa QFC.

Mkataba wa yule bwana ulitaja Doha na sheria za Qatar, basi. Maana yake alishapelekwa Mahakama ya Rufaa bila kuulizwa. Tuliomba iongezwe sentensi moja ya kuchagua mahakama ya QFC, na mkandarasi mkuu hakubisha. Siku ya kutia sahihi watu huwa wapole. Deni likishaiva, hata kukubaliana saa ya kikao ni vita.

Wengine huchanganya kituo cha usuluhishi na mahakama. Kituo cha QICCA, kilichoanzishwa mwaka 2006 chini ya Chemba ya Qatar, husimamia shauri tu. Hakina uwezo wa kubatilisha tuzo.

Muda nao ni mfupi. Anayetaka tuzo ibatilishwe ana mwezi mmoja, na uamuzi wa mahakama iliyopokea ombi hilo ni wa mwisho. Wakenya hushangaa hapa, kwa sababu Mahakama ya Juu ya kwao, katika kesi ya Nyutu dhidi ya Airtel mwaka 2019, iliacha upenyo mwembamba wa kukata rufaa. Binafsi naona Qatar imefanya vyema: mfanyabiashara mdogo huchoshwa na rufaa kabla hajachoshwa na hasara.

Kudai malipo ni jambo jingine. Tuzo ya Doha hubatilishwa Doha, lakini hutekelezwa mali ilipo. Kama mdaiwa ana maghala Mombasa, utakwenda Mahakama Kuu ya Kenya, kwa kuwa nchi zote mbili zimo katika Mkataba wa New York wa 1958. Kenya tangu 1989, Qatar tangu 2002. Tanzania iliingia mapema zaidi, 1964.

Na kama mkataba wako ni wa kiutawala na wizara au taasisi ya serikali, omba kwanza uoneshwe idhini ya Waziri Mkuu au aliyemkaimisha. Sheria hiyo ya 2017 inaidai kabla mgogoro wa mkataba wa aina hiyo haujapelekwa kwa msuluhishi.