Udongo wa kununua

Siku nilipoleta udongo nyumbani, Mama aliutazama, akanitazama mimi, akauliza: "Hii budongo umeuza ngapi?" Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa atadhani ni mimi niliyeuza. La. Katika Kiswahili chetu cha Goma, kuuza ni kutoa pesa ili upate kitu. Anayetoa kitu ili apate pesa, huyo anauzisha. Mama alikuwa anauliza nimenunua kwa bei gani. Nikamjibu: magunia matatu, faranga 12,000, na 2,000 nyingine za mwenye chukudu. Akanyamaza. Kwa Mama, kunyamaza ni jibu refu.

Pesa zile zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya kuchapisha tasnifu yangu.

Wenzangu waliokulia hapa hawatashangaa kusikia kwamba udongo unanunuliwa. Kwa wengine nieleze kidogo. Sehemu kubwa ya mji huu imekaa juu ya mawe ya volkano. Nyiragongo ilimwaga moto wake hadi katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002, nikiwa mtoto wa miezi saba mgongoni mwa Mama, naye akikimbilia Gisenyi. Ikamwaga tena jioni ya 22 Mei 2021, na safari hiyo moto ulisimama upande wa Buhene, si mbali na kwetu Majengo. Mawe hayo meusi tunajengea kuta na tunapangia njia za uani. Kuchimba choo kwetu ni kazi ya nyundo na patasi. Watu wa mbali husema udongo wa volkano una rutuba, na ni kweli, ila jiwe linahitaji muda mrefu sana kabla halijawa udongo. Kule Rutshuru muda huo ulishapita zamani, ndiyo maana maharagwe na mboga zinatoka huko. Uani kwetu muda huo bado. Mbegu za lengalenga nilipewa bure, kiasi cha kujaza kifuniko cha chupa. Ardhi ya kuzipandia ndiyo niliyolipia.

Sikuanza kulima kwa kupenda. Mwishoni mwa Januari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Goma, na benki za mji zikafungwa. Papa ni mwalimu wa shule ya msingi, na mshahara wake ulikuwa unapitia benki. Mama alikuwa akiuzisha unga wa foufou karibu na soko la Virunga. Katika siku zile za risasi tulikaa ndani tukala mtaji wake, kopo kwa kopo. Barabara zilipofunguka tulikuwa watu saba ndani ya nyumba, tukiwa na nusu gunia la makala na deni la likirimba. Deni hilo ndilo lililomkosesha Mama usingizi. Wanawake kumi walikuwa wakichanga kila siku, na yeye alikuwa ameshapokea zamu yake kabla ya vita. Unaweza kumkwepa mwenye duka, lakini wenzako wa likirimba mnasali kanisa moja.

Wakati huo mimi nilikuwa naandika sura ya pili. Tasnifu yangu inahusu ngeli katika Kiswahili cha wauzaji wa soko: jinsi wanavyosema bintu na batoto pale ambapo kitabu kinasema vitu na watoto, na jinsi kitu kisicho na uhai kinavyoweza kupewa upatanisho wa i- bila kujali ngeli yake. Nilikuwa na saa kumi na nne za sauti nilizorekodi, watu wakitajiana bei za mboga, makala na sambaza. Jioni moja nilikuwa nikizisikiliza kwa simu, Mama akipita na bidoni ya maji. Akasikia sauti ya mwanamke anayemjua akitaja bei ya fungu la mboga. Akasema, "Wewe unaandikaka bei, haulipake." Nikaona kwanza ile -ka ya mazoea, mara mbili katika sentensi moja, nikafurahi. Maana ya maneno ilinifikia baadaye, nikiwa kitandani.

Ndipo nilipochukua pesa za kuchapisha.

Mazao ya kwanza yalikufa yote. Niseme wazi jinsi nilivyoyaua, huenda kuna msomaji anayejiandaa kufanya hivyohivyo. Mtu aliniambia majivu ni mbolea, basi nikamwaga majivu yote ya mbabula ya juma zima. Mwingine akanisifia kinyesi cha kuku, nikakichanganya kikiwa kibichi. Nikapanda mbegu nyingi mahali pamoja, nikamwagilia saa sita mchana kwa sababu ndio muda niliokuwa nao. Miche ilitoka siku ya nne, mizuri kabisa, nikaipiga picha. Siku ya tisa ilikuwa ya manjano, siku ya kumi na moja imelala chini. Mama hakusema neno. Ningependa angegomba.

Aliyesema ni Koko. Hakuwa nyanya yangu. Ni mama mzee kutoka Masisi aliyekuwa akilala katika chumba cha nyuma cha jirani tangu Februari, kambi za wakimbizi zilipoondolewa. Aliinama juu ya gunia langu, akachukua udongo kidogo, akaunusa, akasema, "Umebachoma." Akanieleza kwa Kiswahili kilichokuwa kikiingia na kutoka katika Kinyarwanda. Majivu ni kama sabuni kali: kiganja kimoja kwa gunia kinasaidia, ndoo inaunguza. Kinyesi cha kuku kinalazwa mwezi au zaidi kwanza, kifunikwe, hadi harufu yake iishe. Na maji hutolewa asubuhi sana au jua likizama.

Kisha akauliza kwa nini mawe nimeyasukumia ukutani. Nilidhani ni uchafu wa kuondoa. Akanituma nilete kopo kubwa la mafuta lisilo na kitako. Tukalisimamisha katikati ya gunia tupu, tukalijaza mawe madogo ya volkano, yale mepesi yenye matundu, tukajaza udongo kulizunguka, tukalivuta juu kidogo, tukajaza tena, hivyo hadi mdomo wa gunia. Kopo likatoka, nguzo ya mawe ikabaki ndani. Maji ukiyamwaga juu ya mawe yanashuka hadi chini na kuenea pembeni. Bila nguzo hiyo, juu panakuwa tope na chini panabaki pakavu. Halafu ukatoboa gunia ubavuni kwa kisu na kupandikiza mche mmoja katika kila tundu. Gunia moja likapata matundu ishirini na nane. Eneo lake chini halizidi la beseni la kufulia. Nimeishi juu ya mawe haya miaka yote na sikujua kwamba yana kazi bustanini.

Udongo wa magunia matatu haukutosha, na pesa zilikuwa zimekwisha. Koko akasema tutengeneze mwingine. Maganda ya viazi na ndizi, majani makavu, mabaki ya sombe, yote yakaingia katika ndoo iliyopasuka, tabaka juu ya tabaka, na udongo kidogo katikati. Baada ya wiki nyingi chini ya ndoo kulikuwa na kitu cheusi, laini, kisichonuka. Mama alikuja kutazama, akasema, "Hii takataka yenu imeiva?" Koko akacheka: "Ni itaka."

Hapo niliomba radhi nikakimbia kutafuta kalamu. Itaka katika Kinyarwanda ni udongo. Ettaka katika Kiganda ni ardhi. Taka katika Kiswahili ni uchafu, kitu cha kutupwa. Wanawake wawili walikuwa wamesimama juu ya ndoo moja na kutamka shina lenye umbo lilelile; mmoja akimaanisha kitu cha kutupa, mwingine kitu cha kupandia. Mwalimu wetu wa isimu linganishi atanikumbusha kwamba kufanana kwa sauti si ushahidi, na ni lazima kuonyesha ulinganifu wa sauti katika maneno mengi kabla ya kuzungumzia asili moja. Nakubali. Lakini t kwa t, k kwa k, na maana iliyosogea hatua moja tu: mtu wa pwani anayefagia ua wake na mtu wa milimani anayelima wanaweza kabisa kulitazama vumbi lilelile kwa macho tofauti. Nimeliweka katika daftari, si katika tasnifu.

Neno jingine nililoliweka humo ni la Mama. Redio na vitabu vina kubana matumizi. Mama halitumii. Yeye husema tunasukuma siku. Nilipomuuliza kwa nini hasemi kubana, alisema huwezi kubana mfuko usio na kitu. Na kusukuma siku, nilivyoliona likifanyika jikoni, ni kazi zenye utaratibu wake. Maharagwe yanalowekwa tangu jioni, yachemke kwa makala machache. Yakikaribia kuiva, sufuria inatolewa motoni na kufungwa katika blanketi la zamani hadi saa ya kula, yanamalizikia humo. Vumbi la makala linachanganywa na udongo wa mfinyanzi kidogo na maji, linafinyangwa mabonge, linaanikwa juu ya bati. Vitunguu vya majani vinakatwa juu, mizizi inarudishwa ardhini. Maji yaliyooshea mchele na mboga hayamwagwi, yanakwenda kwenye magunia. Maji ni ya kulipia, yanapanda kutoka ziwani katika bidoni za lita 20. Maji ya mvua nayo tunayakinga, isipokuwa mlima ukiwa unatoa moshi mwingi kuelekea upande wetu. Mvua ya namna hiyo huunguza majani, na Koko hakuhitaji kunieleza mara mbili baada ya ya kwanza.

Je, bustani ilituokoa? Hapana. Nimepiga hesabu zote katika daftari langu, nami sipendi makala zinazoficha hesabu. Miezi miwili ya kwanza ilikuwa hasara tupu. Tangu mwezi wa tatu tunakata lengalenga mara mbili kwa wiki, tukiacha vifundo vya chini vichipue tena, na mara moja matembele, ambayo hayakugharimu kitu: ni vipande vya shina alivyotupa mwanamke mmoja sokoni. Hiyo ni siku tatu ambazo Mama hanunui mboga. Foufou bado ni ya kununua, mafuta na chumvi pia. Siku tatu hizo zilikwenda katika likirimba. Mwezi wa Agosti alimaliza deni, akarudi kusali katika benchi lake la zamani, la tatu kutoka mbele. Udongo wangu haujarudisha faranga 14,000 zote, na kwa mwendo huu utazirudisha karibu na Krismasi. Tasnifu bado iko katika simu na karatasi za rasimu.

Nina jambo moja nimelizunguka. Uani kwetu kulikuwa na watu wasiopenda Koko awe anakuja. Hawakusema ni kwa sababu ya nini, ila waliacha kuongea alipopita, na mmoja alimuuliza Mama kwa sauti ya chini huyo mzee anasemaka luga gani nyumbani. Katika mji wetu swali hilo si la isimu. Mimi hulifanya kila siku na dodoso mkononi, safu ya tatu: lugha ya kwanza ya mhojiwa. Sijawahi kuliona likimfanya mtu akunje mabega kama lilivyomfanya Koko aliposimulia kwamba ameulizwa. Mama alimjibu jirani, "Anasemaka luga ya mboga," akaingia ndani. Sikupata la kuongeza, na safu ya tatu nimeiacha wazi kwa wahojiwa wote niliowatembelea tangu hapo. Itabidi nijieleze mbele ya jopo.

Koko aliondoka Septemba. Mtoto wa dada yake alimletea habari kwamba huko kwao nyumba imeanguka ila shamba lipo. Niliacha mche mmoja wa lengalenga urefuke hadi utoe mbegu, nikazipepeta, nikatafuta kitu cha kuzifungia. Karatasi iliyokuwa karibu ni ukurasa wa 31 wa rasimu, wenye masahihisho ya mwalimu kwa wino mwekundu. Nikaukunja mara nne. Koko aliupokea kwa mikono miwili, akauliza kumeandikwa nini.

"Ngeli," nikasema. "Namna batu banahesabuka bintu."

Akautia katika kitambaa chake pamoja na kadi yake ya kambi. Hana simu, kwa hiyo sijui kama alifika. Leo ni Jumanne, siku ya kukata.