Namba Kumi na Moja

Karatasi yenyewe bado ninayo. Ilichanwa katikati ya daftari la hesabu la mtoto wa dada, lile lenye viboksi, na shemeji alipiga mstari wa kuigawa kwa kutumia ubavu wa boksi la spea. Kushoto ameandika IRINGA kwa herufi kubwa, kulia MBEYA. Pana alama ya kidole chake gumba, ya oili, palepale penye namba tisa. Na upande wangu, chini kabisa, pana nafasi iliyobaki wazi.

Ilikuwa Juni 2023, na baridi ya Iringa mwezi wa sita mnaijua. Nilikuwa nimemaliza chuo, nakaa kwa dada Kihesa, nasubiri Julai nikaripoti kazini Dar es Salaam. Barua ya kazi ilikuwa chini kabisa ya begi. Nyumbani Tukuyu sikuwa nimesema. Kila nikimpigia baba mdogo neno linanikwama kooni, naishia kuuliza habari za mvua, na Tukuyu kuulizia mvua ni sawa na kuuliza kama jua limechomoza. Sasa ukae na jambo hilo moyoni, halafu timu yako nayo iwe inacheza mchujo wa kubaki Ligi Kuu!

Mbeya City walikuwa wameshapoteza mchujo wa kwanza mbele ya KMC, wakaangukia kwa Mashujaa wa Kigoma, timu iliyokuwa inatafuta kupanda. Mechi ya kwanza Kigoma wakapigwa. Ikabaki marudiano, Sokoine.

Shemeji ni fundi pikipiki, mzaliwa wa Iringa, mtu wa Lipuli mpaka kwenye mifupa. Mimi nilikuwa nashinda kibandani kwake namshikia spana. Jioni ile aliniona nimeshika spana dakika kumi bila kumpa.

"Shem," akasema, "wewe unaumwa ugonjwa ambao sisi tumeshapona. Lipuli ilishuka 2020, tukalia, tukanyamaza. Achana na hao wa sasa, watakuua bure. Lete kikosi chako cha muda wote, nami nilete changu, wakutane hapa kwenye karatasi."

Masharti akatunga yeye. Mchezaji awe amevaa jezi ya timu ya mkoa husika, haijalishi kazaliwa wapi. Pili, awepo mtu tunayemfahamu aliyemwona anacheza kwa macho yake. Mambo ya kusoma gazetini hayatakiwi. Mwamuzi awe dada, kwa kuwa hajui mpira, kwa hiyo hana upande. Dau: kuku wa kienyeji mmoja dhidi ya mkungu wa ndizi kutoka Tukuyu.

Akaanza yeye. Golini akamweka mtu ambaye sijapata kumsikia maishani mwangu, kipa aliyemwona Samora utotoni, akaapa kwamba yule bwana alikuwa anadaka mpira kwa mkono mmoja kama anachuma pera. Nikacheka. Akakasirika kweli. "Yupo mpaka leo hapa mjini, nikupeleke ukamsalimie?" Nikamwachia.

Ila alipofika kwa mabeki nikaacha kucheka. Namba mbili Haruna Shamte. Katikati Ally Mtoni, yule tuliyezoea kumwita Sonso, na Asante Kwasi wa Ghana. Mbele kule Jamal Mnyate, Miraji Athumani, Adam Salamba, Daruweshi Saliboko. David Kameta, yaani Duchu, akamweka benchi, maana hakutaka kumgusa Shamte. Aliandika jina la Sonso polepole. Sonso alifariki Februari 2022. Shemeji alinyanyua kalamu, akatazama barabarani, akaendelea.

Nawaambieni ukweli, kile kikosi si cha mchezo. Ni Lipuli ya miaka mitatu tu, tangu ipande 2017 mpaka ilipoteremka. Katikati ya miaka hiyo, chini ya Seleman Matola, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho. Nusu fainali Mei 2019 waliifunga Yanga mbili bila palepale Samora, Saliboko moja na Paul Nonga moja. Shemeji alikuwepo. Anaisimulia kwa vitendo, na pikipiki za watu zinasubiri. Fainali ilichezwa Lindi, Azam wakashinda bao moja. Hiyo haisimulii.

Zamu yangu. Nikaanza na niliowaona mwenyewe, City ya 2013/14. Vijana wametoka chini, mwalimu wao Juma Mwambusi, na msimu wa kwanza tu wa Ligi Kuu wakashika nafasi ya tatu. Mbeya mjini ilikuwa zambarau tupu. Kuanzia Uyole mpaka Mafiat, daladala, mama lishe, wauza mitumba Mwanjelwa, kila mtu kajipachika kitu cha zambarau. Golini David Burhan, ambaye naye hatunaye tena tangu Januari 2017. Beki ya kushoto Hassan Mwasapili, katikati Yohana Morris. Kiungo Steven Mazanda. Deus Kaseke, yule kijana wa mbio. Mbele Mwagane Yeya, na Paul Nonga.

"Simama hapo," shemeji akasema. "Nonga nimeshamwandika."

Kweli. Namba tisa yake ilikuwa Nonga, chini ya kile kidole cha oili.

Hapo ndipo tulipobishana mpaka wateja wawili wakaondoka. Hoja ya shemeji: Nonga aliivusha Lipuli mpaka fainali, aliifunga Yanga ambayo alishaichezea, Iringa ndiko alikokomaa. Hoja yangu: alijulikana kwetu, City, kabla Iringa haijawa hata Ligi Kuu. Akasema kujulikana siyo kuwa wa mahali. Nikamwuliza, kuwa wa mahali ni nini basi? Akakaa kimya, halafu akasema, "Ni pale ulipotoa jasho la mwisho." Nikamwambia sawa, kwa kipimo hicho umekwisha. Maana Januari 2022 Simba walikuja Sokoine wakafungwa moja bila, na mfungaji ni huyohuyo Nonga, akiwa na jezi ya Mbeya City. Aliondoka, akazunguka, akapita Iringa, akarudi.

Shemeji alikuwa amelisahau lile bao. Hakulifuta jina, lakini aliniruhusu kuliandika upande wangu pia. Kwa hiyo katika mechi hii Nonga anacheza namba tisa pande zote mbili, na sijui refa gani angekubali.

Sasa kwa sharti la shahidi, ilinibidi nipige Tukuyu. Nilikuwa nataka Tukuyu Stars ya 1986, na mimi 1986 sikuwepo duniani. Nyie wa mjini mkisikia ubingwa mnajua Simba na Yanga. Ile timu ilitoka wilayani Rungwe, kwenye migomba na chai, ikapanda daraja, na mwaka uleule ikawapita wakubwa wote wa Dar es Salaam ikachukua ubingwa wa Tanzania. Banyambala, ndivyo walivyoitwa. Hawakuchukua tena.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Mvua ipo," akasema kabla sijauliza.

Nilipomweleza shida yangu alicheka sana, halafu akaanza kutaja bila kuvuta pumzi. Kipa Mbwana Makata, huyo Burhan wako akae benchi. Beki Godwin Aswile, waliyemwita Scania, na ukimwona unajua kwa nini. Salum Kabunda, Ninja. Kiungo Hamisi Gaga. Steven Mussa. Nikawa naandika hukohuko magotini. Akafika namba kumi na moja akakwama. Anamwona, anasema, anamwona kabisa anavyokimbia na soksi zimeshuka, ila jina limekataa.

"Nitalikumbuka. Usimweke mtu mwingine hapo."

"Nimekuelewa, baba mdogo."

"Wewe marudiano utakuja? Mimi naenda. Kama ile ya Azam."

Ile ya Azam ni Aprili 13, 2014. Alikuja toka Tukuyu akanichukua, tukaingia Sokoine mapema, tukala mahindi tukisubiri. Azam walishinda mbili kwa moja, wakatangaziwa ubingwa mbele yetu, na msimu ule wakamaliza bila kufungwa. Yeya ndiye aliyetufungia. Nililia njia nzima kama mtoto, na nilikuwa na miaka kumi na sita. Baba mdogo aliniambia nisilie, hawa vijana bado wapo, mwakani tutakuja tena. Mwakani Kaseke akaenda Yanga. Haikupita muda Mwambusi naye akaenda Yanga.

Nikamjibu nitaangalia nafasi. Nilijua sitakwenda. Ukimwona mtu usoni inabidi useme.

Usiku, dada akaletewa karatasi atoe hukumu. Alisoma majina yote kwa sauti, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Kisha akauliza kila mmoja aliishia wapi. Tukamjibu tukipokezana: Kwasi Simba. Salamba Simba. Miraji Simba. Sonso Yanga. Duchu Simba. Kaseke Yanga. Kabunda Yanga. Gaga alizipitia zote mbili. Matola naye, kama Mwambusi, alihama.

"Sasa hapa aliyebaki nani?" akauliza.

Hakuwa na nia mbaya. Lakini mimi na shemeji tulitazamana. Hatukuwa tumeandika vikosi vya Iringa na Mbeya hata kidogo; tuliandika orodha ya walioondoka. Mtu akiondoka, huko aendako jina lake linapigwa redioni, ndipo na sisi tunamkumbuka kwamba alikuwa wetu. Anayebaki tunakutana naye sokoni, tunamwona wa kawaida.

Shemeji akapata nguvu. "Kipa wangu!" akasema. "Huyo aliyemcheka shemeji. Hajaondoka."

Na mimi nikaona aibu, maana beki yangu ya kulia ilikuwa bado tupu. Nilikuwa nimesema nitajaza baadaye. Namba mbili ya Mbeya, mtu yeyote wa Sokoine angekutajia akiwa usingizini: Salum Kimenya wa Prisons. Msimu unaingia, msimu unatoka, makocha wanabadilika, yeye yupo na jezi ileile ya timu ya Magereza. Nimemwona mara ngapi? Hazihesabiki. Na sikumkumbuka. Nikachukua kalamu nikamwandika, dada ananitazama. Yeye barua alikuwa ameshaiona, alipolifua lile begi.

Hukumu yake ilikuwa kwamba Iringa wanashinda, kwa sababu kikosi chao kimetimia na changu kina mtu mmoja pungufu. Sikukata rufaa.

Marudiano tuliyasikiliza kibandani, redio imewekwa juu ya tanki la pikipiki ya mtu. Nilingoja shemeji anitanie, hakunitania hata mara moja. City hawakupindua kitu. Mashujaa wakapanda, sisi tukashuka, na ilibidi tungoje mpaka msimu wa 2025/26 kuiona tena Mbeya City Ligi Kuu. Filimbi ya mwisho ilipolia shemeji alizima redio, akaniletea chai ya tangawizi, akaketi kwenye tairi.

Simu ikaita. Baba mdogo, yumo ndani ya basi, nasikia watu wanalaumiana nyuma yake.

"Umesikia?"

"Nimesikia, baba mdogo. Pole."

"Poleni na nyie. Tumeshapita Uyole, tunapanda huku Isyonje, ukungu mtupu."

Nikaona ni sasa au basi. "Baba mdogo, mimi nimepata kazi Dar. Naondoka mwezi wa saba."

Injini ikanguruma kitambo. Nikadhani hakusikia.

"Dar," akasema. "Haya. Utapita nyumbani kwanza?"

"Nitapita."

"Upite. Na ule mkungu utauchukua wewe mwenyewe, mimi sitaubeba mpaka Iringa kwa ajili ya dau lenu. Halafu ngoja, ngoja, nimemkumbuka! Namba kumi na moja! Nimemkumbuka pale uwanjani, nikasema nikimpigia tu namwambia. Umeshika kalamu?"

Nikamwonyesha shemeji kwa kidole, akanipa kalamu yake ya sikioni, akanishikia karatasi isipeperuke.

"Nimeshika. Sema."

"Andika..."

Mtandao ukakata. Nikapiga, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Kule Isyonje milima inakula simu, kila mtu wa njia ile anajua. Shemeji akasogeza tairi lake karibu na langu, tukakaa, yeye kashika karatasi, mimi kalamu, chai inapoa, tunangoja basi lishuke upande wa pili.