Mtoto aliyejificha gulioni

Siku ya gulio Rudewa, wilayani Kilosa, mama mmoja alitoka nyumbani asubuhi na wanawe wawili. Mdogo alikuwa mgongoni, kwenye mbeleko. Mkubwa, wa miaka minne, alifuata nyuma ameshika pindo la kanga yake.

Kwenye turubai la mitumba mama akainama kuchambua. Akapata sweta ya mtoto, akaomba apunguziwe, muuzaji akagoma, wakavutana kidogo. Alipoinuka kufungua fundo la pesa, mkubwa hayupo.

Akaita. Kimya. Akakimbilia barabarani kwanza, maana huko ndiko kwenye malori na bodaboda. Muuza nyanya akaanza kuita jina la mtoto, muuza dagaa naye akaita, kijana wa bodaboda akazunguka gulio zima. Mtoto alikuwa akiwasikia wote.

Alikutwa chini ya meza ya mama lishe, hatua chache tu kutoka kwenye mitumba, amejikunyata nyuma ya ndoo.

"Mbona huitiki, mwanangu?" mama lishe akamuuliza.

"Naogopa watanipeleka polisi."

"Haya, mama yako anaitwa nani?"

"Anaitwa Mama."

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Maneno ya polisi aliyajua. Ni yeye aliyekuwa akiyasema kila jioni mtoto akikataa kula. Alidhani anamfundisha adabu, kumbe alimfundisha kuwakimbia wale wale ambao wangemsaidia.

Tangu siku hiyo mambo yamebadilika. Wakiwa njiani kwenda gulioni, mtoto hutaja jina lake kamili, la mama, la baba na la kitongoji chao, kama wimbo. Wakifika, hupita kwanza kwa mama lishe kumsalimia. "Shikamoo, bibi." Kisha mama humkumbusha: "Ukinikosa, njoo hapa kwa bibi, ukae. Usinitafute, mimi nitakuja." Na mama akiinama kuchagua nguo, mtoto husimama mbele yake, si nyuma.

Mzazi, mtoto akikupotea usione aibu kupiga kelele mapema. Taja nguo aliyovaa, mtume mtu upande wa barabara na visima, mwambie mwenyekiti wa kitongoji na polisi. Namba 116, ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, hupigwa bila malipo. Akipatikana, mkumbatie kwanza. Ukianza na kofi, siku nyingine atajificha zaidi.

Juzi mtoto huyo alikataa ugali tena. Neno polisi likamfika mama mdomoni, akalimeza. Akamsogezea sahani, akamwambia, "Kula, baba, kesho gulio."