Kabambare: Mtoto wa miezi saba aliyelelewa juu ya kifua

Maumivu yalianza saa nane usiku, mvua ikinyesha. Mama huyo wa miaka 24 alifikiri ni tumbo tu la kawaida, kwa sababu mimba yake ilikuwa bado ya miezi saba. Siku mbili kabla alikuwa ameanza kusikia mgongo ukimuuma, unaacha, unarudi tena. Hakumwambia mtu. Alikuwa na maji ya kuchota na mihogo ya kubeba, na aliona haya kulalamika ndani ya nyumba ya watu.

Nyumba hiyo si yao. Ni ya mama mmoja mjane, pembeni ya mji wa Kabambare, ambaye aliwapokea walipokimbia mapigano upande wa Salamabila. Walifika kwake na watoto wawili, sufuria moja na vikwembe vichache. Nkambo, yaani mama mzazi wa baba, aliwafuata siku chache baadaye. Familia imeomba majina yao yasiandikwe, lakini imekubali habari yake isimuliwe, ili familia zingine zilizokimbia zijue.

Mwenye nyumba ndiye alielewa wa kwanza. Alishika taa, akaona kikwembe kimelowa, akasema: «Mama, hii si tumbo. Ni maji ya mtoto. Tuondoke sasa.»

Hakuna pikipiki iliyokubali kutoka na mvua ile. Wanaume wanne wa jirani wakafunga kipoi kwa miti miwili na blanketi, wakambeba mama kwa zamu, wakiteleza kwenye matope mpaka kituo cha afya. Walifika kabla ya alfajiri. Saa moja asubuhi mtoto alizaliwa. Mwanaume. Alilia kidogo, sauti nyembamba kama ya paka mchanga. Mizani ilionyesha gramu 1,400.

Kwa hesabu ya mama mzalishaji, mimba ilikuwa na wiki 31 hivi. Mtoto akizaliwa kabla ya wiki 37, huyo amezaliwa kabla ya wakati. Kwa mwaka 2020 peke yake, Shirika la Afya Duniani na Unicef walikadiria kwamba watoto milioni 13.4 walizaliwa hivyo duniani. Lakini asubuhi ile baba hakuwa anafikiria dunia. Alikuwa anatazama kitu chekundu, chenye ngozi inayoonyesha mishipa, na vidole vyembamba kama njiti za kiberiti.

Nkambo alimtazama mara moja tu, akageuka. Alisema kwa upole: «Huyu ni mgeni. Msimpe jina kwanza.»

Wengi katika Kabambare wanajua maana ya maneno hayo. Si ubaya wa roho. Nkambo mwenyewe alizika watoto wawili wadogo namna hiyo zamani, na aliona kwamba mtoto asiye na jina anaumiza kidogo zaidi kuliko mwenye jina. Lakini mama alisikia, akafunika uso.

Baba aliuliza kuhusu kuvezi. Alikuwa amesikia kwamba watoto wa namna hiyo wanawekwa ndani ya sanduku la kioo lenye joto. Alitaka kuuza simu yake, akodishe pikipiki, ampeleke mtoto Kasongo siku hiyo hiyo. Mwuguzi alimketisha chini. Alimwambia kwamba mtoto anapumua mwenyewe, na hilo ni jambo kubwa. Barabara ni matope, mvua bado, na mtoto mdogo hivyo akibebwa ndani ya blanketi juu ya pikipiki atafika amepoa. «Baridi inaua hawa watoto haraka, papa. Kuvezi tunayo hapa. Ni huyu bibi yako.»

Baba alifikiri anachekwa.

Mwuguzi hakuwa anacheka. Mtoto aliyezaliwa mapema hana mafuta chini ya ngozi, na mwili wake haujajua kutengeneza joto. Akipoa, nguvu yote inakwisha katika kupambana na baridi, hanyonyi, anasahau hata kupumua. Joto lake linatakiwa kubaki kati ya 36.5 na 37.5, na kifua cha mtu mzima kina joto la karibu hilo hilo, usiku na mchana, bila umeme na bila mafuta ya jenereta.

Njia hiyo inaitwa mama kanguru, kwa sababu ya yule mnyama wa Australia anayebeba mtoto ndani ya mfuko wa tumbo. Ilianza mwaka 1978 katika mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia, katika hospitali ya uzazi iliyokuwa na watoto wengi kuliko kuvezi. Daktari Edgar Rey Sanabria aliamua kuwaweka watoto juu ya vifua vya mama zao. Baadaye madaktari wakapima kama inafaa kweli. Utafiti uliotolewa mwaka 2021, uliofanywa Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India, uliwaangalia watoto wa kilo 1 mpaka chini ya kilo 1.8. Wale waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja kwanza wapate nguvu, vifo vyao vilipungua kwa robo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likatoa pendekezo: waanze mara moja, hata pale penye kuvezi.

Basi mtoto alivuliwa nguo zote, akabaki na kitambaa cha chini, kofia na soksi. Akawekwa wima katikati ya maziwa ya mama, ngozi kwa ngozi, kichwa kimegeuzwa upande mmoja ili pua ipate hewa, miguu imekunjwa kama ya chura. Kikwembe kikafungwa imara, ukingo wake wa juu ukifika chini ya sikio la mtoto. Mama alifundishwa kulala nusu ameketi, mgongo ukiegemea mfuko wa nguo.

Kunyonya hakuweza. Mtoto wa wiki 31 hajajua bado kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja. Mama alikamua maziwa kwa mkono ndani ya kikombe safi, na mtoto akanyweshwa kidogo kidogo, kila saa mbili, mchana na usiku. Siku za kwanza yalitoka matone tu, ya rangi ya manjano. Nkambo alitaka yamwagwe, akasema ni machafu, afadhali maji ya sukari. Mama mzalishaji alikataa: hayo ya kwanza ndiyo chanjo ya mtoto, hata kijiko kimoja kisipotee. Nkambo alinyamaza. Yeye pia alikuwa ameleta chupa za maji moto za kumzungushia mtoto, nazo zikawekwa pembeni, kwa sababu chupa inaunguza, kisha inapoa bila mtu kujua.

Usiku wa nne ulikuwa mbaya. Mama alikuwa amesinzia. Aliamka ghafla, bila kujua ni nini kimemwamsha. Kisha akaelewa: juu ya kifua chake hakuna kinachosogea. Mtoto alikuwa ameacha kupumua. Mama alimsugua mgongo na nyayo kama alivyoonyeshwa, akapiga kelele kumwita mwuguzi. Kabla mwuguzi hajafika, mtoto alivuta pumzi, akakohoa. Jambo hilo hutokea kwa watoto waliozaliwa mapema, ubongo wao haujakomaa katika kazi ya kupumua. Kama angekuwa amelala peke yake ndani ya mablanketi, hakuna mtu angejua mpaka asubuhi.

Kuanzia usiku huo mama hakutaka tena kumweka chini. Lakini hakuna mwili unaoweza kukaa hivyo saa 24 kwa siku, wiki baada ya wiki. Alichoka mpaka maziwa yakaanza kupungua. Mwuguzi akamwita baba, akamwambia avue shati.

«Mimi? Mwanaume? Nibebe mtoto ku kifua?»

Alikuwa mchimbaji wa dhahabu kule walikotoka, mtu wa mikono migumu. Aliogopa kumvunja mtoto, na aliogopa zaidi watu kumcheka. Alikubali saa moja tu, mlango umefungwa. Saa ile mama alilala usingizi wake wa kwanza wa kweli. Baba alikaa bila kusogea, akihesabu pumzi kwa kidole juu ya goti. Siku iliyofuata alibeba saa tatu. Baada ya wiki moja alikuwa anakaa nje ya kituo, shati wazi, kofia ndogo ya sufi ikionekana juu ya kikwembe. Vijana wa pikipiki walicheka kweli. Mmoja wao baadaye alirudi kuuliza namna ya kufunga kikwembe, dada yake alikuwa amezaa mapacha wadogo.

Mwenye nyumba naye alibeba. Kila alasiri alifika, ananawa mikono na kifua kwa sabuni, anampokea mtoto ambaye si wa ukoo wake, wa watu aliowajua kwa miezi minne tu. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba nyumba alishawapa, kifua si zaidi ya nyumba.

Siku ya tano mizani ilishuka: gramu 1,310. Mama alilia. Aliambiwa kwamba watoto hao hupungua kwanza. Siku ya 13 akarudi kwenye gramu 1,400. Mwisho wa mwezi, 1,780. Si kila mtoto hufika huko. Kitanda cha jirani kulikuwa na mama mwingine, wa mimba changa zaidi, na mtoto wake hakumaliza siku ya pili. Mama huyo alirudi nyumbani bila kitu, na siku ile hakuna mtu aliyezungumza ndani ya chumba.

Kwa nini uchungu ulianza mapema? Mara nyingi hakuna anayejua. Lakini malaria ya mimba, ugonjwa wa njia ya mkojo, damu kupanda, mimba za kufuatana na mimba ya mapacha zinajulikana kuwa sababu. Mama huyo alipima mimba mara moja tu, kabla ya kukimbia. Fansidar, ambayo mwenye mimba anapaswa kumeza kuanzia mwezi wa nne, angalau mara tatu, hakuipata tena. Chandarua kilibaki kule.

Mwuguzi anarudia neno moja kwa kina mama wote: mgongo unaouma na kuacha kwa zamu, tumbo linalokaza, maji au damu kutoka kabla ya mwezi wa tisa, usingoje kesho na usione haya. Mtoto husafiri vizuri zaidi akiwa bado tumboni. Mama akifika mapema, anaweza kutumwa hospitali kubwa kabla ya kuzaa, na huko kuna sindano ya kusaidia mapafu ya mtoto. Na kwa mtoto aliyekwisha rudi nyumbani, akikataa maziwa, akipoa au kuwa na homa, akipumua mbio, akigeuka manjano au bluu, arudishwe siku hiyo hiyo, akiwa amefungwa kifuani.

Familia ilirudi nyumbani kwa mjane mtoto akiwa na wiki sita, ananyonya mwenyewe. Waliendelea kumbeba mpaka alipofika karibu kilo mbili na nusu, wakati yeye mwenyewe alianza kupiga mateke na kukataa kikwembe.

Siku ya kwanza nyumbani, nkambo aliketi mlangoni. Hakuwa amembeba hata mara moja tangu azaliwe. Alilegeza nguo yake, akanyoosha mikono, akasema: «Mleteni.» Mtoto alilala juu ya kifua chake cha mifupa mpaka jua likashuka. Hakuna aliyethubutu kumwamsha.

Jioni ile, nkambo akiwa bado amemshika, aliuliza kama wamechagua jina. Baba alisema wanangoja yeye. Akalitoa. Ni jina la mmoja wa wale wawili aliowazika.