Mchawi wa Milimita 28 na Bibi wa Magu

Ukipita Mabatini pale Mwanza Jumamosi jioni, kule juu kwenye nyumba zilizong'ang'ania mawe, kuna geto moja lina kelele za kumfanya mgeni ageuze njia. "Mchawi wangu anakufa!" "Bado, amebakiza damu 4!" "Mmalize huyo mchawi, mmalize!" Halafu vicheko. Mama mwenye nyumba alishawahi kugonga mlango akiwa ameshika rozari mkononi.

Wadau, tulieni. Ni washkaji wanne wanacheza gemu. Sio la simu wala la PlayStation, ni la mezani. Ubao wa plaiwudi futi 3 kwa 3, juu yake kokoto zilizookotwa hapohapo mlimani (ukizipanga vizuri utaapa umeona Bismarck Rock kwa mbali), na katikati ya kokoto kuna vijisanamu vidogo kuliko kidole gumba, vyenye mapanga, ngao na majoho. Gemu linaitwa Frostgrave, limeandikwa na Joseph McCullough na kutoka Uingereza mwaka 2015. Kila mchezaji ana kikosi cha watu wasiozidi 10: mchawi, mwanafunzi wake, na askari 8 wa kukodi. Wanaingia kwenye magofu ya mji ulioganda kwa barafu kugombea hazina. Wanacheza hivyo vita vya barafu huku feni imekufa na jasho linawatoka. Dadu lake lina pande 20, na dadu la hivyo Makoroboi hulipati, kwa hiyo wanatumia programu ya simu.

Uzuri ni kwamba kitabu hakikulazimishi ununue vijisanamu vya kampuni yoyote. Chochote chenye kimo cha milimita 28 au karibu na hapo kinaingia mezani. Bila hivyo hii habari isingekuwepo, maana boksi moja la Warhammer ukijumlisha na gharama ya kulileta, kodi ya geto imeondoka.

Anayevitengeneza ni jamaa wa miaka 26. Mchana yuko Mwaloni Kirumba, anaandika majina kwenye mitumbwi na vibao vya maduka. Mkono umetulia. Usiku anakaa na mfuko wa askari wa plastiki, wale wa Kichina wanaouzwa kwa watoto, na wembe. Wengi wao ni warefu mno, kwa hiyo anawakata miguu magotini na kuficha kidonda kwa joho la karatasi ya chooni iliyolowekwa gundi. Kichwa cha huyu kinaenda kwa yule. Bunduki zinatolewa, mikuki inaingia, ya waya wa shaba kutoka kwa mafundi wa kufunga mota. Nywele na ndevu anafinyanga kwa ile gundi ya mafundi bomba, ya kukanda miwili pamoja, na kwenye kazi hiyo ana kama nusu saa kabla haijagoma. Ngao? Magamba ya sangara yaliyokaushwa juani. Mara ya kwanza hakuyaosha vizuri, paka wa jirani akaondoka na ngao tatu na askari mmoja.

Halafu rangi, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Ile plastiki laini inakataa rangi, inabanduka kama ganda la kitunguu. Dawa aliigundua baada ya kuharibu mfuko mzima: osha kwa sabuni, kausha, paka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, ndipo upake rangi. Kisha rangi nyeusi nyepesi iliyojaa maji, ijiingilie kwenye mikunjo ya nguo, na mwisho brashi kavu juu juu ili kingo zing'ae. Jicho anachora kwa ncha ya kijiti cha meno: mstari mweupe, nukta nyeusi. Akikohoa, anaanza upya.

Aliposti Instagram, jamaa mmoja wa Dar akaingia inbox. Alitaka kikosi chake kiongozwe na mchawi kibibi, mgongo umepinda, fimbo, na macho mekundu "yatishe hasa". Elfu 60, yote kabla. Ilitumwa kwa simu saa tano asubuhi, na mpaka saa sita ilikuwa kwa mama mwenye nyumba.

Kazi ikatoka kali. Washkaji walisema ndicho bora kuliko vyote alivyowahi kugeuza. Kile kibibi kilikuwa kinakaukia mezani siku bibi yake mwenyewe alipofika kutoka Magu kuja kutibiwa macho.

Bibi huyu na mjukuu wana utani wao wa kawaida. Anamwita "mume wangu", anamuuliza mbona nyumba haina sukari, ameoa mke wa pili nini. Siku hiyo aliingia na utani wake hivyohivyo, akakaa, jamaa akabandika chai. Bibi akainua kile kijisanamu, akakisogeza karibu na uso kwa sababu haoni vizuri.

"Huyu ni nani?"

"Mchawi, bibi."

"Umemjuaje?"

Jamaa akacheka, na kwa fahari ya fundi akasema, "Si unaona macho?"

Bibi akakirudisha mezani taratibu, akakigeuza kiangalie ukuta. Chai ilipoa pale pale. Na usiku ule hakumwita mume wangu. Alimwita kwa jina lake.

Kwa wasiojua: Usukumani kwa miaka mingi wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi ushahidi umekuwa macho mekundu. Macho yanaharibiwa na moshi. Kuni zilipokuwa adimu, akina mama wakapikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka na mabua ya pamba, ndani ya jiko lisilo na dirisha, miaka 40 au 50. Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928, lakini haijawahi kusimama mlangoni kwa bibi yeyote usiku.

Bibi alisimulia mambo ambayo jamaa hakuwahi kuambiwa. Alikuwa na shoga yake, nyumba ya tatu kutoka kwake, walikuwa wakienda shamba pamoja. Mtoto wa jirani akaugua akafa. Shoga yake akakatwa kwa panga usiku, mlango wake ulikuwa wa kusukuma tu. Jamaa wakati huo alikuwa na miaka 4. Baada ya hapo bibi alilala nyumba tofauti tofauti karibu mwaka mzima, na watoto wakaambiwa bibi amesafiri. "Walisema maneno hayohayo," bibi akamwambia. "Si unaona macho."

Kesho yake jamaa alimwandikia mteja kwamba macho yatakuwa ya kawaida. Jibu likaja, ni gemu tu bro, mbona unakuza mambo. Na kusema kweli mteja hakuwa mtu mbaya. Picha ya kibibi mchawi mwenye pua ya ndoano aliikuta tayari kwenye sinema na vitabu. Hata huko ilikotoka ina makaburi yake: Ulaya kati ya karne ya 15 na ya 18 makumi ya maelfu ya watu waliuawa kwa uchawi, wengi wao wanawake. Anna Göldi alikatwa kichwa kule Glarus, Uswisi, mwaka 1782. Haya aliyaleta mmoja wa washkaji kwenye grupu la WhatsApp, akiyatumia kama utetezi, eti kila mahali ilikuwa hivyo. Mwenzake akamjibu kwamba kule ni 1782, Magu ni bibi yake huyu. Grupu likanyamaza siku mbili.

Mteja akasema basi, macho mekundu au hela irudi. Hela ilishageuka kodi. Jamaa akakubali kurudisha kidogo kidogo, na mpaka wiki iliyopita alikuwa anadaiwa elfu 15.

Rangi nyekundu aliitoa kwa ncha ya sindano, usiku mzima, kope moja ikaenda nayo. Macho mapya ni ya kahawia. Bibi alipoona alichunguza kwa muda, hakusifia, akauliza: "Usiku anatembea na nini? Mpe taa." Jamaa akatengeneza koroboi kwa shanga na kipande cha bomba la kalamu. Siku ya kurudi Magu, begi likiwa mlangoni, bibi akauliza tena, "Na nyumba yake iko wapi?"

Akaijenga, ya kokoto na boksi la viberiti. Mlango unafungwa kwa komeo la njiti, kwa ndani, na linafanya kazi kweli.

Neno mchawi limepigwa marufuku kwenye lile geto, sasa wanasema jemadari, ingawa mmoja hujisahau anapozidiwa. Kelele za Jumamosi zimebaki palepale. Kinachogombewa sasa ni ile nyumba: jamaa ametunga kanuni kwamba hakuna askari wa kikosi chochote anayeruhusiwa kuingia, na washkaji wanalalamika kwamba hiyo kanuni haipo kitabuni, na kwamba kila akizidiwa kibibi chake hukimbilia humo.