Ngano Iliyopotea Katika Mstari Mmoja

Mwaka wa 2013 nilikuwa nikikusanya ngano kwa ajili ya tasnifu yangu ya shahada ya kwanza. Mtambaji wangu mkuu alikuwa nyanya mzaa mama. Nilimrekodi jioni tatu mfululizo, jikoni mwake, moshi ukitutoa machozi sote wawili.

Kinasa sauti kilikuwa cha kuazima, nacho kilipaswa kurudishwa kikiwa kitupu. Basi nikazihamishia ngano kwenye Mac ya rafiki yangu. Ikabaki kuzifikisha kwenye maabara ya chuo. Baruapepe yetu ilikataa faili za sauti katakata, lakini matini iliyapitisha bila swali. Hapo ndipo nilipojifunza kusimba.

Msomaji asidhani kwamba kusimba huku ni kuficha siri. Ni kubadilisha hati tu, mithili ya mtu achukuaye utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu akaunukuu kwa hati za Kirumi. Katika mtindo uitwao base64, kila baiti 3 za faili huandikwa kwa alama 4 za kawaida, ambazo barua yoyote huweza kuzibeba. Gharama yake ni unene: faili ya megabaiti 3 hutoka ikiwa na 4 na ushei. Ufundi wenyewe si mgeni. Mary Ann Horton aliandika programu ya uuencode huko Berkeley, Marekani, mwaka wa 1980, kwa haja iyo hiyo ya kupitisha faili ndani ya barua.

Nikaandika skripti ya sheli, yaani waraka mfupi wa amri ambazo tarakilishi huzitekeleza moja baada ya nyingine. Niliona fahari kubwa, nakiri, maana wenzangu wa Kiswahili walikuwa wakiogopa hata kuufungua ule ukurasa mweusi. Kwenye Mac nilisimba kwa amri ya base64. Kule maabarani skripti ilisimbua kwa openssl, nikiamini kwamba chombo hicho hakikosekani popote. Kisha ikafuta faili ya matini ili kuokoa nafasi. Barua nazo nikazifuta, kwa kuwa kisanduku chetu kilijaa upesi. Mac haikuwa yangu. Huko pia nilikuwa nimefagia.

Kilichoniponza ni urefu wa mstari. Amri ya base64 katika Linux hukata mstari kila baada ya alama 76. Ile ya Mac haikati: ngano nzima ilitoka kama mstari mmoja usio na pumzi. Nayo openssl ya wakati ule, isipopewa chaguo la -A, ilitarajia mistari mifupi. Ilipokutana na mstari mrefu haikulalamika. Ilitoa faili tupu, ikaripoti kwamba kazi imekwisha salama, na skripti yangu, kwa utiifu wake wote, ikaendelea hadi kwenye amri ya kufuta.

Faili zote zilikuwapo, kila moja na jina lake, kila moja na baiti 0. Niligundua baada ya wiki mbili, nilipoketi kunukuu.

Siku hizi skripti zangu zina woga. Huuliza kwanza, kwa command -v, ni chombo gani kilichopo. Kiwango cha POSIX kinaitambua uuencode, na tangu 2001 chaguo lake la -m hutoa base64. Ajabu ni kwamba Linux nyingi huja bila uuencode hiyo. Kwa hiyo hubeba njia mbili au tatu, na kabla ya kufuta chochote hulinganisha cksum ya faili asilia na ya ile iliyosimbuliwa. Ni mistari minne tu.

Nilirudi kwa nyanya na kinasa sauti kingine. Hakukasirika, alicheka sana kusikia kwamba mashine imemeza maneno yake na kusema imeshiba salama. Akatamba upya. Ngano ya sungura, iliyokuwa nguzo ya sura yangu ya tatu, ilikuja na wimbo ambao sikuwa nimeusikia, na safari hii sungura alinusurika. Nikamwambia, kwa adabu, kwamba mara ya kwanza sungura alikufa.

Akanitazama, kijiko mkononi. "Mjukuu wangu," akauliza, "hayo umeyasikia kwa nani?"